Namna ya Kuinua Motokaa kwa Kriki, Pasipo Kuharibu Bati Wala Mkono wa Mtu

Maneno ya monita wa kilimo kwa watu wa vijiji vya Basoko

 

Mmezoea kunisikia nikisema habari za mpunga, mihogo, ndizi na michikichi. Leo nitasema habari za motokaa, nanyi msistaajabu. Kazi ya shamba haiishi siku ya kuvuna. Mpunga uliopurwa vizuri, ukilala siku tatu katika motokaa iliyozama matopeni, unalowa na kuota. Ndizi zinaiva njiani, zinaoza, na mama aliyezilima anarudi nyumbani mikono mitupu. Basi kuitoa motokaa matopeni ni kazi ya shamba pia.

Tena fikirini mahali tunapokaa. Basoko iko pale mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo. Ukiupanda Aruwimi unafika nchi ya Banalia, na mbele zaidi upande wa mashariki iko Bafwasende. Katika nchi hizo watu wengi huchimba dhahabu na almasi. Mtu anayechimba hana nafasi ya kulima, naye hula chakula kilicholimwa na wengine. Kwa hiyo motokaa za nguvu, kama Land Cruiser na Land Rover, hupita katika vijiji zimejaa mchele, chumvi, mafuta na watu. Barabara ni za udongo, na mvua hunyesha karibu kila mwezi. Motokaa ikizama, shofa humwita nani? Huwaita ninyi.

SABABU YA MANENO HAYA

Siku moja, baada ya mvua ya usiku, nilikuwa nikipita kwa baisikeli. Nikakuta Land Cruiser imezama karibu na kijito, gurudumu la nyuma limeingia matopeni mpaka katikati. Magunia yalikuwa bado juu, na watu wawili wamekaa juu ya magunia. Shofa alikuwa na haraka. Akawaambia vijana waweke kriki chini ya kikanyagio cha mlango, na mguu wa kriki waukite katika matope matupu. Kijana mmoja akashika mpini, akaanza kupandisha.

Gurudumu halijatoka bado, mguu wa kriki ukazama upande mmoja. Kriki ikainama, ikateleza. Motokaa ikaanguka kwa kishindo. Kikanyagio kikakunjamana, mlango ukapinda usifungike tena. Mpini ukaruka, ukampiga yule kijana mkononi, vidole viwili vikavunjika.

Shofa alitazama mlango kwanza. Kisha akasema kijiji kilipe. Wazee wakatoa mbuzi ili maneno yaishe. Kijana hakupewa kitu, na msimu ule hakuweza kushika shoka wala panga kufyeka shamba lake.

Mimi nilisimama pale. Niliona ya kuwa ubao haupo, na kriki imewekwa mahali pabaya. Nilijua, maana nilipokuwa shuleni misioni, fundi mmoja alituonyesha namna alivyoinua lori. Lakini nilinyamaza, nikawaza moyoni: hii si kazi ya monita. Nilikosa. Ndiyo sababu leo nasema.

KRIKI NI NINI

Kriki ni chombo cha kuinulia kitu kizito. Watu wa mashariki hukiita jeki. Ziko za namna mbili ambazo mtaziona sana.

Ya kwanza ni kriki fupi ya mafuta, yenye umbo kama chupa. Ndani yake mna mafuta. Ukiupiga mpini, mafuta yanasukuma nguzo ndogo ya chuma, nayo inapanda polepole. Ina nguvu sana, lakini haipandi juu sana. Kriki hii yapasa isimame wima, isilazwe.

Ya pili ni kriki ndefu. Ni fimbo ya chuma yenye matundu, karibu urefu wa mtoto wa miaka minane. Ina mguu chini, ina ulimi wa kuinulia, na mpini mrefu. Kila ukiushusha mpini, pini za chuma zinaingia katika tundu la juu zaidi, na ulimi unapanda. Kriki hii hufika juu sana, kwa hiyo mashofa wa porini huipenda. Lakini ndiyo yenye hatari zaidi, maana imesimama kwa mguu mwembamba kama korongo.

Kila kriki imeandikwa uzito inaoweza kubeba. Mwombeni shofa awasomee. Land Cruiser tupu huweza kupita kilo 2,000, na ikijaa huweza kupita kilo 3,000. Kriki haiinui motokaa yote mara moja, lakini isiwe dhaifu kuliko kazi yake.

NENO LA KWANZA: PUNGUZA UZITO, FUNGA MAGURUDUMU

Kabla ya kugusa kriki, watu wote washuke, hata mgonjwa na mtoto. Magunia yashushwe. Mtasema, "Ni kazi nyingi." Ni kweli. Lakini kushusha magunia kumi ni kazi ya saa moja, na vidole vikivunjika ni kazi ya miezi.

Kisha fungeni magurudumu yasizunguke. Tieni mawe makubwa au kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na zaidi sana lile lililo mbali na kriki, upande wa pili. Msiseme, "Breki ya mkono imevutwa, yatosha." Sikilizeni, nitawaambia kwa nini haitoshi.

Land Rover zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Katika zile za mtindo wa zamani, na hata za jina la Defender zilizotengenezwa mpaka mwaka 2016, breki ya mkono haishiki gurudumu lenyewe. Hushika fimbo inayotoka katika sanduku la gia na kwenda nyuma. Magurudumu mawili ya nyuma yameunganishwa kwa meno ya chuma, na meno hayo huruhusu gurudumu moja kuzunguka mbele na la pili kuzunguka nyuma. Basi ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lililo hewani linakuwa huru, na mwenzake aliye chini naye anakuwa huru. Breki imeshika, lakini motokaa inatembea! Mtu aliye karibu hushangaa, na kriki huanguka.

Kwa hiyo shofa avute breki ya mkono, atie gia ya kwanza, tena aunganishe nguvu ya magurudumu manne kama motokaa inayo. Na juu ya hayo yote, kabari ziwepo. Jiwe halidanganyi.

NENO LA PILI: MGUU WA KRIKI

Mnamkumbuka yule mtu wa Injili aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Mtu anayeweka kriki juu ya matope ni ndugu yake.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kriki inabeba kilo 800. Mguu wake una sentimita 10 kila upande, maana yake sentimita 100 za mraba. Basi kila sentimita moja ya udongo inabeba kilo 8. Udongo uliolowa hauwezi, unazama. Sasa weka chini yake ubao wa sentimita 40 kila upande. Ubao huo una sentimita 1,600 za mraba. Kila sentimita sasa inabeba nusu kilo tu. Uzito ni ule ule, lakini umegawanywa mara kumi na sita. Ni kama mama anayepita kinamasi na kikapu kichwani: akikanyaga tope tupu anazama, akikanyaga gogo lililolazwa anapita.

Ubao uwe wa namna gani? Upana wake shubiri mbili kila upande, na unene wake vidole vitatu. Uwe wa mti mgumu kama limbali. Msitwae kombokombo. Huo mti hukua upesi lakini ni laini. Kriki itautoboa, au utapasuka katikati. Ubao ulazwe sawasawa, usiinamie upande. Ikiwa pana maji na uteute, chimbeni kwanza mpaka udongo mgumu kidogo, wekeni matawi au mawe, kisha ubao juu yake.

NENO LA TATU: KICHWA CHA KRIKI

Hapa ndipo bati linapoharibika, basi sikilizeni vizuri.

Nyumba zetu zimesimama kwa nini? Kwa nguzo. Udongo wa ukuta haubebi paa, huziba upepo tu. Ukitaka kuinua nyumba, hutashika udongo wa ukuta. Utabaki na kipande cha udongo mkononi. Motokaa ni vivyo hivyo. Milango, vikanyagio, na mabati yaliyo juu ya magurudumu, hayo ndiyo udongo wa ukuta. Nguzo zake ni mbili. Ya kwanza ni shasi, ndiyo vyuma vizito virefu vilivyolala chini toka mbele mpaka nyuma. Ya pili ni mhimili, ambao mafundi wetu huuita ponti, ndicho chuma kinene kinachokwenda toka gurudumu moja mpaka la pili.

Bati la Land Rover za zamani ni la alumini, kwa sababu baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 chuma kilikuwa haba Uingereza. Alumini haili kutu kama chuma, lakini ni laini na hubonyea upesi. Bati la Land Cruiser ni la chuma, lakini nalo ni jembamba. Yote mawili hayakufanywa kubeba motokaa.

Kwa kriki fupi, mahali pazuri ni chini ya ponti, karibu na gurudumu mnalotaka kuliinua, pale resori zilipofungwa. Msiweke chini ya lile tumbo la ponti lililovimba katikati, maana kriki huteleza juu ya uvimbe. Wala msiweke chini ya fimbo za usukani, tangi la mafuta, bomba la moshi, au kibomba cha mafuta ya breki. Kibomba hicho kikibonyea, motokaa itapoteza breki mbele ya safari, na hamtajua waliokufa ni nani.

Kwa nini ponti ni bora kuliko shasi? Kwa sababu ya resori. Ukiinua ponti, gurudumu linatoka mara moja, na kiganja kimoja cha urefu kinatosha. Ukiinua shasi au parashoki, mwili wa motokaa unapanda kwanza, resori zinanyoshwa, na gurudumu limekaa matopeni vile vile. Utapandisha sana, na kitu kilicho juu sana ndicho kinachoanguka. Ikiwa hapana njia nyingine, fungeni ponti na shasi pamoja kwa mnyororo kabla ya kuinua, ndipo gurudumu litapanda pamoja na mwili.

Kwa kriki ndefu, tumieni parashoki ya chuma kinene iliyofungwa katika shasi, au mahali pa shasi palipofanywa kwa kazi hiyo. Parashoki ya plastiki haifai hata kidogo. Parashoki ya bomba la duara nayo huteleza, basi ulimi wa kriki ufungwe kwa mnyororo usihame. Tena angalieni: motokaa ikiinuliwa upande mmoja, inaegemea upande wa pili, na fimbo ya kriki inasogea kuligusa bati. Tieni kati ya fimbo na bati kipande cha mpira wa gurudumu lililochakaa, au gunia lililokunjwa mara nne. Hilo lisibebe uzito, lizuie mkwaruzo tu. Mkiona fimbo inalalia bati kwa nguvu, acheni, shusheni, panga upya.

NENO LA NNE: KUINUA NA KUSHUSHA

Ikiwa kazi ni kubadili gurudumu, legezeni nati kwanza, nusu mzunguko, gurudumu likiwa bado chini. Ukizisukuma nati kwa nguvu motokaa ikiwa juu, utaiangusha mwenyewe.

Ikiwa gurudumu limezama, chimbeni tope linalolizunguka kabla ya kuinua. Tope hushika kama mdomo unaonyonya, na kriki inapigana na uzito pamoja na tope. Mkilegeza tope, kazi inakuwa nusu.

Mtu mmoja tu ashike mpini, na mtu mmoja tu atoe amri. Watoto wakae mbali. Pandisheni kidogo, simameni, tazameni: ubao umelala sawa? Kriki imesimama wima? Kabari hazijasogea? Kisha pandisheni tena.

Gurudumu likitoka, msitie mkono chini yake. Jazeni shimo kwa mawe na matawi mkitumia mti mrefu au sepetu. Wala mtu asiingie chini ya motokaa iliyoshikwa na kriki peke yake. Wekeni kwanza gogo nene chini ya shasi, au lazeni gurudumu la akiba pale. Kriki ikianguka, motokaa itaangukia gogo na si kifua cha mtu.

Kushusha ndiko kunakovunja mikono. Kriki fupi ifunguliwe kidogo kidogo, polepole. Kwa kriki ndefu, mpini usimamishwe kwanza mpaka ulale karibu na fimbo, ndipo kigeuzo kigeuzwe. Kisha shikeni mpini kwa mikono miwili kila wakati, maana uzito wa motokaa unausukuma juu. Kichwa na kidevu visiwe kati ya mpini na fimbo. Ukiponyokwa na mpini, usijaribu kuudaka. Ruka nyuma, uache. Na jueni hili: uzito ukiisha, ulimi huanguka mara moja mpaka chini, basi vidole visiwe njiani.

Kazi ikiisha, osheni kriki ndefu kwa maji, safisheni zile pini, tieni mafuta kidogo, hata mawese yatafaa kama hamna mengine. Tope lililokauka huzuia pini zisiingie katika tundu. Pini isiyoingia sawasawa huchomoka chini ya mzigo.

KAZI YA KIJIJI

Zamani, kabla ya mwaka 1960, watu wa vijiji walilazimishwa kutengeneza barabara, na wazee waliosimulia habari hizo hawakuzisimulia kwa furaha. Mimi sisemi habari ya kulazimishwa. Nasema habari ya kujilinda sisi wenyewe.

Kila kijiji kilicho karibu na mahali pabaya pa barabara kitengeneze mbao mbili za limbali na kabari nne, na gogo moja lililokatwa vizuri. Vitu hivi vikae nyumbani kwa kapita, chini ya paa, visiliwe na mchwa. Kuvitengeneza ni kazi ya siku moja ya watu wawili. Msifanye kuni, hata jioni ya mvua.

Shofa akija kuwaita, msikimbilie mpini. Mwulizeni maneno matatu kwanza. Watu na mzigo vimeshuka? Magurudumu yamefungwa? Ubao uko wapi? Akijibu vizuri, msaidieni kwa moyo wote, na malipo yenu mpatane kabla ya kuanza, mbele ya kapita. Akisema, "Nina haraka, inueni tu," mwambieni kwa adabu kwamba ninyi hamwinui mtu asiyetaka kungoja. Haraka yake haitawaponya vidole vyenu. Na bati likiharibika kwa sababu alikataa ubao, kapita atakuwa shahidi ya kuwa kijiji kilimwonya.

Mwisho, motokaa ikiondoka, msiache mawe na magogo katikati ya njia, wala shimo wazi. Usiku atapita mtu wa baisikeli amebeba ndizi, naye labda ni ndugu yako.

Haya ndiyo maneno yangu. Ni machache: punguza uzito, funga magurudumu, weka mguu juu ya ubao, weka kichwa penye nguzo na si penye udongo wa ukuta. Yule kijana aliyeumia amekaa hapa kati yetu. Ameniruhusu niseme habari yake, na yeye ndiye atakayewaonyesha sasa, kwa mkono wake ulio mzima, namna ya kukata kabari. Twendeni nje, ubao wa kwanza uko tayari.